Jua la Mwenyekiti

Sss… pa. Sss… pa.

Mshonaji aliisikia kabla hajafumbua macho. Sauti ilianzia mlangoni, ikapita chini ya meza, ikawa inakuja kitandani polepole. Yalikuwa makalio ya mtoto yakiburuzwa kwenye saruji, kisha kiganja kikipigwa chini kuuvuta mwili mbele. Sss… pa. Akabaki amelala vilevile, uso ukutani, akiisikiliza kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni aliyemwita mwenyewe.

Sauti hiyo iliwahi kuhama nyumba hii. Ilihama kabisa, na mahali pake ikaja nyingine, ya mguu wa meza ukilia kila mtoto aliposhika ukingo na kujiinua. Meza ile mbovu ilipiga kelele kutwa na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza, maana kelele zake zilikuwa habari njema. Mtoto amesimama! Sasa meza ilikuwa imenyamaza, na sauti ya sakafuni imerudi.

"Mama," mtoto alisema alipofika. "Leo ndiyo damu?"

"Leo ndiyo damu."

"Watanichoma?"

"Kidogo tu. Kama sisimizi."

"Sisimizi mkubwa au mdogo?"

"Mdogo. Yule asiye na meno."

Mtoto alilifikiria hilo. Alikuwa na miaka minne, kichwa kilichojaa maswali, na miguu iliyopinda kwa nje kama mabano. Majirani walimwita Mwenyekiti, kwa sababu tangu wamjue alikuwa amekaa. Utani huo ungeweza kuuma, lakini mwenyewe aliupokea kama cheo. Alikalia kigoda chake uani, karibu na bomba, na kila aliyekuja kuchota maji ilibidi aombe ruhusa.

"Mwenyekiti, kikao kimefunguliwa?"

"Kimefunguliwa! Wekeni ndoo chini!"

Lakini hayo yalikuwa ya wakati ule alipokuwa bado anatolewa nje.

Mshonaji aliamka, akapapasa hadi kwenye taa. Chumba kilikuwa giza, na haikuwa kwa sababu hakujapambazuka. Dirishani lilining'inia pazia alilolishona mwenyewe kwa masalio ya kitambaa cha makoti, tabaka mbili, bitana katikati, pindo limekunjwa mara mbili na kupigiliwa kwenye fremu. Hakuna uzi wa mwanga uliopenya. Katika nyumba ile ya viti vilivyolegea na sufuria zisizo na vifuniko, pazia ndicho kitu pekee kilichokuwa hakina kasoro.

Bibi, mama yake mzazi, alikuwa ameshaamka. Alikaa ukingoni mwa godoro lake, mikono mapajani, macho kwenye pazia.

"Leo linashuka hilo?" aliuliza.

"Damu ikitoka, mama."

"Haya. Itoke basi."

Chumba chao kilikuwa chini kabisa ya jengo refu, na dirisha lilitazamana na ukuta wa jengo jingine, karibu kiasi cha kuweza kunyoosha mkono ukaugusa. Jua la kweli lilifika uani tu, tena asubuhi tu. Lilikuwa kipande chembamba kando ya bomba, kilichotambaa juu ya saruji, kikapanda ukutani, kikaondoka bila kuaga. Mtoto alizaliwa humo. Baba yake alikwenda kutafuta kazi na hadi leo bado anaitafuta. Mama alirudi kiwandani mapema, na yaya aliyemwajiri alikuwa mwoga wa kila kitu, wa wezi, wa mbwa, wa majirani, akawa anafunga mlango kutwa nzima. Mtoto akakua kama mche uliosahauliwa chini ya beseni.

Alipochelewa kutembea watu walisema kila mtoto na wakati wake. Alipojaribu, miguu ikapinda.

"Mifupa yake ni laini," daktari alisema, akiiminya ile miguu kwa vidole gumba. "Imekosa jua." Akaandika matone ya vitamini D, yale makali ambayo hayatoki bila cheti cha daktari, akaagiza mtoto aanikwe asubuhi kama nguo. Bima ya kiwandani ililipa. Yaya akaondoka, bibi akaja. Kila asubuhi ilikuwa tone ulimini, kisha kigoda bombani. Haukupita muda, meza ikaanza kulia.

Mshonaji aliwahi kusimama mlangoni akitoka kazini, mkoba begani, akamkuta mtoto amesimama wima kashika meza, ulimi nje kwa juhudi. Hakuthubutu kuvuta pumzi. Aliogopa hata upepo wake ungemwangusha.

Kisha ikafika siku ya kwenda kuchukua chupa nyingine.

"Mama, mfumo umekataa," mfamasia alisema kwenye dirisha la dawa. Alikuwa kijana mwenye adabu, miwani imeshikiliwa na kamba shingoni.

"Umekataa nini?"

"Matone. Kipimo kinaonyesha vitamini katika damu ya mtoto imepanda juu ya mstari wao. Chini ya mstari wanaita ugonjwa, wanalipa. Juu ya mstari wanasema vitamini ni kama chakula, kila mtu ajinunulie."

"Kwa hiyo amepona?"

"Hawasemi amepona. Wanasema hawalipi."

Bei ya ile chupa ilikuwa ya kumfanya mtu ajifanye hakusikia. Mshonaji alimnyanyua mtoto, akamkalisha juu ya ubao wa dirisha, miguu ikining'inia mbele ya kioo.

"Waonyeshe hii."

Mfamasia aliitazama. Akatazama pembeni. "Mfumo hauoni miguu, mama. Unaona damu. Rudini baada ya miezi mitatu, apimwe tena. Ikishuka, watalipa."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake mwavuli. Na ni neno hilo moja, ikishuka, ambalo mshonaji alitoka nalo pale akifuta machozi, akapanda nalo basi, akaingia nalo kazini kesho yake.

Kazi yake ilikuwa kola. Wengine walishona mikono, wengine vifungo, yeye kola tu, katika ukumbi usio na dirisha ambako taa ndefu zilinguruma juu ya vichwa mchana na usiku kama nyuki waliopotea. Alipanga vitambaa viwili, katikati akaweka gamu, kile kitambaa kigumu cha ndani ambacho mvaaji hakioni, akapitisha cherehani, akapunguza pembe kwa mkasi, akapindua, akachokonoa ncha kwa kijiti hadi zichongoke. Kisha kola ilikwenda kwa mpiga pasi, mwanamke mnene mwenye mdomo usiochoka, aliyeikandamiza kwa moto hadi gamu ikashikana na kitambaa. Isiposhikana na gamu, kola hailali wala haisimami, inainama tu kama mtu aliyefedheheshwa.

"Eti damu imepanda?" mpiga pasi alicheka, mvuke umemfunika uso. "Mwenzangu, wangetupima sisi humu bima ingefilisika. Tumeota humu kama uyoga!"

"Imepandishwa na jua na matone. Nami matone sina tena."

"Basi nalo jua mnyang'anye. Ishuke, walipe, muendelee."

Mshonaji alisimamisha cherehani.

"Nimetania," mpiga pasi akasema haraka. "Sikiliza, nimetania. Nenda kwa daktari wako kwanza."

Lakini kwenda kwa daktari kulihitaji ruhusa nyingine, na msimamizi alikwishamwambia kwamba kola hazijishoni zenyewe. Tena daktari angesema nini zaidi? Mstari ulikuwa umechorwa. Mtu maskini akionyeshwa mstari haulizi ni nani aliyeuchora. Anainama, anapita chini yake.

Jioni hiyo alirudi na masalio ya makoti ndani ya mkoba.

"Jua nalo limekuwa la kukopa?" bibi aliuliza alipoona pazia linapigiliwa misumari.

"Ni miezi mitatu tu, mama. Bila matone jua la pale bombani litamshikilia katikati, hapandi hashuki, na bima hawatatoa kitu. Damu ikishuka tutapata chupa, tena na tena."

"Yaani unamuumiza ili atibiwe."

"Siyo mimi! Ni bima."

"Bima haijashona pazia," bibi alisema, akageukia ukuta.

Hata hivyo alitii. Nyumba ilikuwa ya binti yake, na mtoto alikuwa wa binti yake. Majirani walipogonga na kuuliza Mwenyekiti kaenda wapi, mbona vikao vimeahirishwa, bibi alijibu kwamba yuko safari ya kikazi. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku za mwanzo mtoto alijiburuza hadi mlangoni, akapiga mbao kwa kiganja, akatangaza kwa sauti kuu kwamba kikao kimefunguliwa. Alielezwa. Akaelezwa tena, kwa kuwa alikuwa mtu wa maswali. Akaelewa kwa namna yake kwamba jua linapandisha damu, na damu ikipanda, mama analia kwenye dirisha la dawa. Baada ya hapo hakugonga tena. Bibi akibandua pembe ya pazia hata kidogo ili apate kuona uzi wa sindano, mtoto mwenyewe alimkemea.

"Bibi! Funga!"

Na meza ikaanza kupunguza maneno. Ililia asubuhi na jioni, kisha asubuhi peke yake, kisha siku moja hapa, siku moja pale. Mshonaji alirudi kutoka kazini akauliza, "Amesimama leo?" na bibi akatikisa kichwa, na ndani ya kifua chake vitu viwili vikapanda pamoja, uchungu na kile kingine ambacho hakutaka kukitaja. Ilikuwa furaha. Inashuka, alijiambia. Inashuka! Akaichukia furaha hiyo, akalala nayo.

Ndiyo maana asubuhi hii, asubuhi ya kipimo, alimfunga mtoto gubigubi kwa shuka toka kichwani hadi miguuni, akambeba mgongoni. Nje jua lilikuwa limechachamaa, jua la bure, jua la kumwagika kila mahali, juu ya mabati, juu ya vichwa vya watu, juu ya mbwa waliolala. Mkono mdogo ulichomoza nje ya shuka. Mama akaurudisha ndani. Ukachomoza tena kidogo, vidole tu. Akaurudisha, akakaza fundo.

Majibu yalipotoka, mfamasia aliwaona kwa mbali akanyanyua kidole gumba.

"Mama, mfumo umekubali! Iko chini kabisa."

Mshonaji alicheka. Alicheka kwa sauti, akapiga ubao wa dirisha kwa kiganja, na watu kwenye foleni, wasiojua lolote, wakampongeza kama aliyefunga goli. Akaishika chupa kwa mikono miwili. Ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka.

"Ila daktari amesema mwonane kwanza," mfamasia aliongeza. "Anasema imeshuka mno."

Daktari aliwaingiza chumbani kwake. Alimlaza mtoto, akaiminya miguu kwa vidole gumba kama mara ya kwanza, akawapeleka kupiga picha. Picha ilipokuja aliibandika kwenye kisanduku cha taa, pembeni yake akabandika ya zamani. Mifupa miwili myeupe, na mifupa mingine miwili myeupe. Haikuhitaji mtu kuwa amesoma ili kuona ipi imepinda zaidi.

"Kulitokea nini hapa katikati?" aliuliza.

Mshonaji akamweleza. Alimweleza kila kitu, kuanzia mstari na pazia hadi shuka na mkono uliochomoza. Alieleza kwa sauti thabiti, hata kwa fahari kidogo, kama fundi anayeeleza jinsi alivyookoa kitambaa kilichokatwa vibaya. Kadiri alivyoeleza, daktari alizidi kuinama.

"Mbona hukuja kwangu?"

"Dirishani walisema nirudi damu ikishuka."

"Mama…" Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa bila kumtazama. "Mstari ule ni wa watu wengine. Ni wa watu wazima wanaoumwa mgongo na uchovu. Mtoto mwenye mifupa iliyopinda ana kifungu chake katika kanuni zao. Mimi nabandika picha, naandika sentensi moja, wao wanalipa hadi mifupa inyooke. Damu iwe juu, iwe chini."

"Sentensi moja."

"Moja. Mimi nilidhani dirishani watakuambia. Dirishani walidhani nimekwisha kukuambia."

Taa ya kisanduku ilinguruma. Ilikuwa na sauti ileile ya taa za ukumbini.

"Sasa si tumepata matone?" mshonaji aliuliza. "Si atanyooka?"

"Alikuwa ameanza kunyooka. Sasa matone yataifanya mifupa iwe migumu, na nitaandika hiyo sentensi leo ili yasikatike tena. Lakini palipopinda hivi, matone peke yake sidhani kama yatatosha. Huenda akikua kidogo itabidi tuinyooshe kwa kisu."

Hakumwelewesha zaidi, wala haikuhitajika. Mshonaji aliijua habari hiyo kwa mikono yake. Gamu haichagui. Ukiikandamiza kwa moto kitambaa kikiwa kimenyooka, inashika wima. Ukiikandamiza kimekaa upande, inashika upande vilevile, kwa uaminifu uleule, na hapo hakuna pasi duniani ya kuirudisha. Kinachobaki ni mkasi.

Alimbeba mtoto kurudi nyumbani. Shuka alilisahau kwenye benchi la hospitali.

Bibi aliposikia hakusema "nilikuambia." Ingekuwa nafuu kama angesema. Alimmiminia binti yake maji ya moto, akakaa karibu naye, bega kwa bega, hadi maji yakapoa kwenye kikombe bila kuguswa.

"Hata mimi nilikuwa na miguu ya kutoka," bibi alisema mwishowe. "Ningeweza kumtoa ukiwa kazini. Sikumtoa."

"Niliwakataza, mama."

"Ndiyo. Nami nikakubali."

Siku ya mapumziko mshonaji aliamka kabla ya wote. Hakulivuta pazia lile kwa hasira. Alichukua wembe, akapanda juu ya meza, akaanza kulifumua, mshono kwa mshono, kwa ufundi uleule aliolishonea. Uzi ulikatika kwa sauti ndogo, tk, tk, tk. Tabaka la kwanza likashuka, kisha bitana, kisha la pili. Mwanga wa kijivu uliotoka kwenye ukuta wa jirani ukaingia ukajitandaza sakafuni.

Mtoto alifumbua macho, akayafunika haraka kwa mikono yote miwili.

"Mama, funga! Damu itapanda!"

"Acha ipande."

"Watakataa! Utalia dirishani!"

Mshonaji alishuka mezani. Meza ikalia, sauti ileile ya zamani, na wote watatu wakageuka kuitazama. Kisha akamchukua mtoto mkono mmoja, kigoda mkono mwingine, akatoka uani.

Kipande cha jua kilikuwa kimefika bombani. Jirani mmoja, fundi wa baiskeli, alikuwa anachota maji. Akawaona, akafunga bomba, akaiona ile miguu. Akameza alichotaka kusema kwanza, akakohoa.

"Mwenyekiti," alisema kwa sauti ya chini. "Umerudi safari? Kikao kimefunguliwa?"

Mtoto alificha uso shingoni mwa mama yake. Fundi wa baiskeli alisubiri kidogo, akanyanyua ndoo yake iliyojaa nusu, akaenda zake akinyata kama aliye msibani.

Mshonaji aliweka kigoda juani, akakaa mwenyewe, mtoto mapajani, akaikunjua ile miguu polepole, ikapata mwanga. Ngozi ilikuwa imepauka kama karatasi ya ndani ya kitabu. Mtoto alikunja vidole, kama anayejaribu maji ya kuoga. Jua likasogea. Mama akasogeza kigoda, akalifuata. Likasogea tena, akalifuata tena, hadi mgongo wake ukagusa ukuta na saruji yote ikabaki kivulini.

Jua lilikuwa linapanda ukutani sasa. Mshonaji akasimama. Akamnyanyua mtoto juu ya kichwa chake, mikono imenyooka, hadi ile miguu iliyopinda ikaufikia ule mwanga wa mwisho. Mlangoni bibi alikuwa amesimama akitazama, mafungu ya kitambaa cha pazia yamemjaa mikononi.

"Linakwenda, mama," mtoto alisema toka juu. Alikuwa ameutoa uso nje.

"Naliona."

"Kesho wewe unakwenda kazini."

"Nakwenda, mwanangu. Bibi atakutoa. Na kesho kutwa atakutoa. Nisikilize." Mikono ilimwuma, hakuishusha. "Wachore mstari wao watakapo. Kesho likija, litakukuta hapa, umekaa kwenye kigoda chako. Nakuahidi. Litakukuta hapa."